Saratani ya puru: kwa nini mionzi na dawa hutangulia upasuaji

Kwa wagonjwa wengi wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana, matibabu hayaanzi tena katika chumba cha upasuaji. Huanza kwa mionzi inayoelekezwa kwenye uvimbe, ikiambatana na dawa za kuua seli za saratani, na upasuaji hufuata baada ya wiki au miezi kadhaa. Utaratibu huo umekuwa wa kawaida katika hospitali kubwa za dunia tangu mwanzoni mwa karne hii, na sasa unafuatwa pia katika vituo vya saratani vya Afrika Mashariki.

Hata hivyo, utaratibu huo huwatia wasiwasi wagonjwa na jamaa zao. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ana uvimbe mbaya hutaraji uondolewe haraka iwezekanavyo. Anapoelezwa kwamba upasuaji utasubiri, hudhani amepuuzwa, au kwamba ugonjwa wake umeshindikana. Wengine hupata nafuu baada ya mionzi, damu ikakoma kutoka, nao wakarudi nyumbani wasionekane tena hospitalini. Makala haya yanaeleza kwa nini mionzi na dawa hutangulia, ushahidi uliopo unasema nini, na kwa nini kuanza kwa njia hiyo si kucheleweshwa bali ni sehemu ya tiba yenyewe.

Puru na hatari yake ya pekee

Puru ni sehemu ya utumbo yenye urefu wa takriban sentimita 12 hadi 15, inayoishia kwenye njia ya haja kubwa. Imekaa ndani ya fupanyonga, mahali pembamba palipozungukwa na mifupa. Mbele yake kipo kibofu cha mkojo, pamoja na tezi dume kwa wanaume, au uke na mfuko wa uzazi kwa wanawake. Kandokando yake hupita mishipa ya fahamu inayotawala mkojo na tendo la ndoa. Chini yake upo msuli unaobana na kuachia haja.

Kwa sababu hiyo, daktari wa upasuaji hana nafasi kubwa ya kufanyia kazi. Uvimbe ulio juu, katika sehemu nyingine ya utumbo mpana, unaweza kukatwa pamoja na eneo pana la nyama yenye afya inayouzunguka. Katika puru, tofauti kati ya kukata vizuri na kuacha mabaki ya ugonjwa huweza kuwa ni milimita moja au mbili. Seli zikibaki, saratani hurudi palepale ndani ya fupanyonga. Kurudi huko huleta maumivu makali ya mgongo na miguu, damu, usaha na kuziba kwa njia ya mkojo au ya choo, na mara nyingi hakuna upasuaji wa pili unaoweza kumponya mgonjwa. Hiyo ndiyo sababu mionzi hutumika sana kwa saratani ya puru, ilhali kwa saratani ya sehemu nyingine za utumbo mpana hutumika kwa nadra.

Dalili za ugonjwa huu hufanana na za maradhi madogo. Damu katika choo, haja inayokuja mara kwa mara bila kuisha, choo chembamba kuliko kawaida, na kupungua uzito ni miongoni mwazo. Wengi huidhani damu hiyo kuwa ni ya bawasiri, wakatumia dawa za dukani au za mitishamba kwa miezi mingi. Katika nchi nyingi za Afrika wagonjwa hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kusonga mbele, na wengi wao ni wenye umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya. Uchunguzi wa kidole katika njia ya haja kubwa, unaochukua dakika chache na usiohitaji mashine yoyote, hugundua sehemu kubwa ya uvimbe ulio chini ya puru.

Ugonjwa ukishukiwa, daktari huingiza kamera nyembamba na kuchukua kinyama kidogo cha kupimwa maabara. Kisha hufuata picha ya MRI ya nyonga, inayoonyesha uvimbe umezama kiasi gani, umekaribia mpaka gani, na kama matezi ya limfu yaliyo jirani yamevamiwa. Picha ya CT ya kifua na tumbo hutazama kama saratani imefika kwenye ini au mapafu. Picha hizi ndizo zinazoamua nani aanze na mionzi. Kwa kawaida ni mgonjwa ambaye uvimbe wake umepenya ukuta wa puru, au umefika kwenye matezi, yaani walio katika hatua ya pili na ya tatu. Aliye katika hatua ya kwanza huweza kwenda moja kwa moja kwenye upasuaji.

Ushahidi ulivyojengeka

Hatua ya kwanza kubwa haikuwa ya mionzi bali ya upasuaji. Mwaka 1982, daktari Bill Heald wa mji wa Basingstoke, Uingereza, pamoja na wenzake, walieleza namna ya kuiondoa puru pamoja na tabaka lote la mafuta linaloizunguka, likiwa zima kama kifurushi ambacho hakijafunguliwa. Katika tabaka hilo ndimo yalimo matezi ambayo saratani hukimbilia kwanza. Upasuaji wa aina hiyo ulipunguza sana kurudi kwa ugonjwa, na hadi leo ndio kipimo cha upasuaji bora wa puru.

Swali lililofuata lilikuwa kama mionzi ingeongeza faida. Nchini Sweden, watafiti waliwagawa wagonjwa 1,168 katika makundi mawili: wa kwanza walipata mionzi kwa siku tano kisha wakapasuliwa wiki iliyofuata, na wa pili walipasuliwa tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitano saratani ilikuwa imerudi ndani ya fupanyonga kwa asilimia 11 ya waliopata mionzi, ikilinganishwa na asilimia 27 ya wasiopata. Waliokuwa hai walikuwa asilimia 58 kwa 48.

Wapo waliosema kwamba faida hiyo ilitokana na upasuaji hafifu wa zamani, na kwamba mbinu ya Heald ikifuatwa mionzi isingehitajika. Watafiti wa Uholanzi walilijibu hilo mwaka 2001. Katika utafiti wao wa wagonjwa 1,861, wote walipasuliwa kwa mbinu mpya. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umerudi mahali pake kwa asilimia 2.4 ya waliotanguliziwa mionzi, na asilimia 8.2 ya waliopasuliwa tu. Upasuaji mzuri ulikuwa na faida yake, na mionzi nayo ilikuwa na yake.

Utafiti uliobadilisha zaidi desturi za hospitali ulitoka Ujerumani mwaka 2004, ukiongozwa na Rolf Sauer. Huko, wagonjwa wote walipata mionzi, dawa na upasuaji. Kilichotofautiana ni mpangilio tu. Kundi moja lilipata mionzi na dawa kabla ya kupasuliwa, na jingine baada ya kupasuliwa. Baada ya miaka mitano, ugonjwa ulikuwa umerudi ndani ya fupanyonga kwa asilimia 6 ya waliotanguliziwa na asilimia 13 ya waliopewa baadaye. Madhara makali ya muda mfupi yaliwapata asilimia 27 kwa 40, na yale ya muda mrefu asilimia 14 kwa 24. Miongoni mwa wale ambao kabla ya tiba madaktari waliona watapoteza msuli wa haja, msuli huo uliokolewa kwa asilimia 39 ya kundi la kwanza na asilimia 19 ya kundi la pili.

Utafiti huo pia ulionyesha mpaka wa faida hiyo. Idadi ya waliokuwa hai baada ya miaka mitano ilikaribiana sana katika makundi yote mawili: asilimia 76 na 74. Kutanguliza mionzi na dawa, kwa hiyo, kulipunguza kurudi kwa ugonjwa mahali pake na kupunguza madhara, lakini peke yake hakukurefusha maisha kwa kiasi kikubwa. Wengi waliofariki waliuawa na saratani iliyokuwa imekwisha kusambaa kwingineko mwilini.

Mionzi na dawa vinavyosaidiana

Mionzi huharibu vinasaba vilivyo ndani ya seli. Seli yenye afya ina uwezo wa kujitengeneza upya, hasa ikipewa mapumziko ya siku moja kati ya dozi na dozi. Seli ya saratani hujitengeneza kwa shida zaidi, na inapojaribu kugawanyika hufa. Ndiyo sababu dozi hugawanywa vipande vidogo badala ya kutolewa yote kwa mara moja.

Dawa inayotumika sana pamoja na mionzi ni fluorourasili, iliyobuniwa Marekani mwaka 1957 na Charles Heidelberger. Dawa hii hufanana na mojawapo ya viungo ambavyo seli huvitumia kutengeneza vinasaba vyake. Seli ikiipokea, kazi ya kutengeneza na kukarabati vinasaba hukwama, na mionzi inapopiga seli hiyo huikuta haina uwezo wa kujiponya. Kwa hiyo dawa hutolewa kwa kiwango cha chini kiasi, si kwa lengo la kuua peke yake, bali kuifanya saratani iwe dhaifu mbele ya mionzi. Zamani ilitiwa kwenye mshipa kwa saa nyingi mfululizo. Siku hizi wagonjwa wengi humeza vidonge vya kapesitabini, ambavyo mwilini hugeuka kuwa dawa ileile.

Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2006, moja ya nchi kadhaa za Ulaya na nyingine ya Ufaransa, zilipima thamani ya kuiongeza dawa hiyo. Katika ile ya Ulaya, wagonjwa waliopata mionzi bila dawa yoyote waliona ugonjwa ukirudi mahali pake kwa asilimia 17, huku waliopata dawa kwa wakati wowote wakiwa chini ya asilimia 10. Katika ile ya Ufaransa, tofauti ilikuwa asilimia 16.5 kwa 8.1.

Zipo sababu za kimaumbile zinazofanya tiba hii ifae zaidi kabla ya upasuaji. Kwanza, mionzi huhitaji hewa ya oksijeni ndani ya uvimbe ili ifanye kazi vizuri, na kabla ya kukatwa, mishipa ya damu inayofikisha oksijeni hiyo bado ni mizima. Pili, baada ya puru kuondolewa, utumbo mwembamba hushuka na kukwama katika nafasi iliyoachwa wazi, ukawa katika njia ya mionzi. Tatu, sehemu iliyochomwa na mionzi ndiyo itakayokatwa na kutolewa, na utumbo unaoshushwa kuunganishwa hutoka juu, mahali ambapo mionzi haikufika. Nne, uvimbe husinyaa na kujitenga na viungo vya jirani, daktari akapata nafasi ya kukata pasipo kuacha mabaki.

Safari ndefu na safari fupi

Kabla ya kuanza, mgonjwa hupigwa picha ya CT akiwa amelala kama atakavyolala kila siku ya tiba. Wataalamu wa mionzi huchora juu ya picha hizo mipaka ya uvimbe, ya tabaka la mafuta na ya matezi, kisha hupanga miale kadhaa kutoka pande tofauti ikutane hapo. Alama ndogo huwekwa kwenye ngozi ili kila siku mashine ilenge mahali palepale. Mara nyingi mgonjwa huombwa aje kibofu chake kikiwa kimejaa, kwa sababu kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mwembamba nje ya njia ya miale. Tiba yenyewe haiumi, huchukua dakika chache, na mgonjwa hurudi nyumbani akiwa hana mionzi mwilini. Hakuna haja ya kumtenga na watoto wala wajawazito.

Njia ya kwanza, ndefu, hutumia dozi ya jumla ya grei 45 hadi 50 hivi, inayogawanywa katika vikao 25 hadi 28, siku tano kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tano. Katika kipindi hicho mgonjwa humeza au hutiwa dawa. Baada ya hapo hupumzika, kwa kawaida kati ya wiki 6 na 12, ndipo hupasuliwa. Mapumziko hayo si muda uliopotea. Mionzi huendelea kuua seli kwa wiki nyingi baada ya kikao cha mwisho, na uvimbe huendelea kusinyaa.

Njia ya pili, fupi, hutokana na ule utafiti wa Sweden: grei 25 katika vikao vitano, kila kimoja kikiwa na dozi kubwa zaidi, vyote kwa wiki moja. Dawa haitolewi siku zilezile za mionzi. Zamani upasuaji ulifanywa wiki iliyofuata. Baadaye ilionekana kwamba kusubiri wiki nne hadi nane hupunguza matatizo baada ya upasuaji bila kuongeza kurudi kwa ugonjwa.

Katika njia zote mbili, jambo moja halibadiliki: vikao vikianza visikatizwe. Siku zinazorukwa huipa saratani nafasi ya kuota upya. Mgonjwa anayeacha katikati hapati nusu ya faida. Huweza kubaki na madhara ya mionzi pamoja na uvimbe ulio hai.

Madhara ya kutarajia

Wakati wa tiba wengi huharisha, huhisi haja mara kwa mara, huungua wanapokojoa, huchubuka ngozi karibu na njia ya haja, na huchoka. Kapesitabini huweza kuwasha na kuchubua viganja na nyayo. Chembe nyeupe za damu huweza kushuka, na homa katika kipindi hicho ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Mengi ya madhara haya huisha wiki chache baada ya vikao.

Yapo yanayobaki. Baada ya mionzi na upasuaji, baadhi ya wagonjwa hupata haja ya ghafla, hushindwa kuizuia au huenda chooni mara nyingi kwa siku. Nguvu za kiume huweza kupungua. Uke huweza kukauka na kubana. Mionzi ya nyonga huharibu ovari na mfuko wa uzazi, na mwanamke ambaye bado anapata hedhi huweza kuikoma mapema na kutoweza kubeba mimba. Kwa wagonjwa vijana, mazungumzo kuhusu uzazi, pamoja na kuhifadhi mbegu za kiume au kuhamisha ovari mahali pengine, hayana budi kufanyika kabla ya kikao cha kwanza. Baadaye huwa yamechelewa.

Jambo linalowaogopesha wengi zaidi ni stoma, yaani tundu linalofunguliwa tumboni ili choo kitokee kwenye mfuko. Baadhi hukataa upasuaji wote kwa ajili yake. Mara nyingi stoma huwekwa kwa muda tu, ili kiungo kipya cha utumbo kipone, kisha hufungwa baada ya miezi michache. Stoma ya kudumu huhitajika hasa pale uvimbe unapogusa msuli wa haja. Kusinyaza uvimbe kwa mionzi huweza kuuokoa msuli huo kwa baadhi ya wagonjwa, ingawa si kwa wote.

Dawa zote kabla ya upasuaji

Kwa kuwa adui aliyebaki ni saratani iliyojificha mbali na puru, watafiti walijaribu kuzitanguliza pia zile dawa kali ambazo zamani zilitolewa baada ya upasuaji, wakati ambapo wagonjwa wengi walikuwa dhaifu mno kuzimaliza.

Utafiti wa kimataifa uitwao RAPIDO, wenye wagonjwa 920, ulitumia mionzi ya siku tano, ikafuatwa na miezi kadhaa ya dawa, kisha upasuaji. Baada ya miaka mitatu, tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 23.7 ya wagonjwa hao, ikilinganishwa na 30.4 kwa waliopata tiba ya zamani. Kwa asilimia 28 ya kundi jipya, daktari alipoipima puru iliyotolewa hakukuta seli hata moja ya saratani iliyo hai; katika kundi la zamani walikuwa asilimia 14. Hata hivyo, baada ya miaka mitano ilibainika kwamba ugonjwa ulikuwa umerudi ndani ya fupanyonga mara nyingi zaidi katika kundi jipya, asilimia 10 kwa 6. Nchini Ufaransa, utafiti wa PRODIGE 23 wenye wagonjwa 461 ulitanguliza mchanganyiko wa dawa tatu kabla ya njia ndefu ya mionzi, na walioishi miaka mitatu bila ugonjwa walipanda kutoka asilimia 69 hadi 76.

Pale uvimbe unapotoweka kabisa, huzuka swali jingine: je, bado kuna haja ya kukata? Daktari Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazil, alikuwa wa kwanza kutetea kwa ushahidi kwamba baadhi ya wagonjwa hao wanaweza kuachwa bila kupasuliwa, wakawa wanachunguzwa kwa karibu. Matokeo yake ya mwaka 2004 yalipingwa na wengi, lakini tafiti zilizofuata zimeyapa nguvu. Katika utafiti wa Marekani uitwao OPRA, karibu nusu ya wagonjwa waliopata mionzi kwanza na dawa baadaye walikuwa bado na puru zao baada ya miaka mitatu. Rekodi za kimataifa za wagonjwa wa aina hiyo zinaonyesha kwamba uvimbe huota tena kwa takriban robo yao, nao wengi hugundulika ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kwa hiyo njia hii humfaa tu mgonjwa anayeweza kurudi kuchunguzwa kwa kidole, kamera na MRI kila miezi michache. Aliyeona damu imekoma akabaki nyumbani hayumo katika njia hiyo. Yeye ameacha tiba.

Kuna pia wasiohitaji mionzi kabisa. Utafiti wa PROSPECT uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye uvimbe wa kiwango cha kati, usiogusa msuli wa haja, dawa peke yake zikifuatwa na upasuaji zilitoa matokeo sawa, na ni takriban mmoja kati ya kumi aliyelazimika kuongezewa mionzi kabla ya upasuaji. Mwaka 2022, madaktari wa New York waliripoti wagonjwa 12 wenye saratani ya puru ya aina adimu, ambayo seli zake zina kasoro ya kukarabati vinasaba. Uvimbe wa wote ulitoweka kwa dawa ya kuamsha kinga ya mwili, dostarlimabu, bila mionzi wala upasuaji. Aina hiyo ni chini ya mmoja kati ya wagonjwa kumi, na dawa yenyewe ni ghali mno.

Hali katika ukanda wa Afrika Mashariki

Utaratibu wote huu hutegemea mashine inayofanya kazi siku baada ya siku. Mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa imetumika kwa zaidi ya miaka 20 katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, iliharibika kabisa. Wenye uwezo walikwenda Nairobi au India. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400, idadi ndogo mbele ya waliohitaji. Mashine mpya ilizinduliwa Kampala mwezi Januari 2018, na tangu hapo nyingine zimeongezwa.

Nchini Rwanda, tiba ya mionzi ilianza kutolewa mwaka 2019 katika kituo cha saratani cha Kanombe, Kigali. Kabla ya hapo wagonjwa walivuka mpaka, huku Kituo cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012 kaskazini mwa nchi, kikitoa dawa na upasuaji. Tanzania inategemea Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ya Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa peke yake, na Hospitali ya Bugando ya Mwanza inayowahudumia watu wa Kanda ya Ziwa. Kenya ina mashine katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na hospitali kadhaa za binafsi. Wagonjwa wa Burundi na wa mashariki mwa Kongo kwa muda mrefu wamelazimika kutafuta mionzi nje ya nchi zao.

Kwa mgonjwa anayetoka mbali, gharama ya dawa na mionzi ni sehemu tu ya mzigo. Njia ndefu humtaka apange chumba mjini kwa zaidi ya mwezi, ale, asafiri kila siku, na mara nyingi awe na ndugu wa kumtunza. Hapa ndipo njia fupi inapopata uzito wa pekee. Vikao vitano badala ya 25 humwezesha mgonjwa kumaliza mionzi kwa wiki moja, na mashine ileile kuwahudumia watu wengi zaidi. Wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, wataalamu wa nchi tajiri nao waliipendekeza njia hiyo kwa sababu hiyohiyo. Haimfai kila mgonjwa, kwani uvimbe ulioshikamana na mpaka wa fupanyonga huhitaji mashauriano zaidi, lakini ni jambo ambalo mgonjwa ana haki ya kuliuliza.

Maswali ya kumuuliza daktari

Wataalamu hushauri kwamba kila mgonjwa ajadiliwe na jopo la madaktari wa upasuaji, wa mionzi, wa dawa na wa picha kabla ya jambo lolote kufanywa. Mgonjwa na jamaa zake wanaweza kuuliza haya:

- Je, picha ya MRI ya nyonga imepigwa, na inaonyesha ugonjwa uko hatua gani?
- Kwa nini nianze na mionzi, au kwa nini nisianze nayo?
- Je, njia fupi ya siku tano inanifaa?
- Mashine ikiharibika katikati ya vikao, nitapelekwa wapi?
- Je, nitahitaji stoma, na itakuwa ya muda au ya kudumu?
- Nikitaka kupata watoto, nifanye nini kabla ya kuanza?
- Tarehe ya uchunguzi baada ya mionzi na tarehe ya upasuaji ni zipi?

Swali la mwisho ni la kuandikiwa jibu, wala lisibaki mdomoni. Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU, za kuzuia damu kuganda au za mitishamba amweleze daktari mapema, kwa kuwa baadhi hugongana na kapesitabini au huhitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara. Na pale damu inapokoma na maumivu kupungua baada ya mionzi, hiyo ni dalili kwamba tiba inafanya kazi, na kwamba wakati wa kurudi hospitalini kupimwa umekaribia.